Udhibiti wa Sigara za Kielektroniki: Kipimwe Nini?

Mwaka 2003 yalitokea mambo mawili ambayo kwa wakati ule hayakuonekana kuhusiana. Tarehe 21 Mei, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku, ambao ni mkataba wa kwanza wa kimataifa kujadiliwa na kukubaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka huo huo nchini China, mfamasia aitwaye Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na alikuwa akitafuta njia ya kuziacha, aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa ajili ya chombo kinachompatia mtu nikotini pasipo kuchoma tumbaku.

Mkataba ule ulikusudiwa kukabiliana na kitu kilichofahamika vizuri: jani la tumbaku linalokaushwa, kukatwakatwa, kusokotwa ndani ya karatasi na kuwashwa moto. Chombo cha Hon Lik hakikuwa na jani, wala moto, wala majivu. Hivyo sheria na kitu ambacho ingepaswa kukidhibiti vilizaliwa mwaka mmoja, kila kimoja bila ya kukijua kingine.

Tangu hapo chombo hicho kimeenea upesi. Mwezi Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 100 duniani wanatumia sigara za kielektroniki, na kwamba miongoni mwao watoto wenye umri wa miaka 13 hadi 15 si chini ya milioni 15. Sheria hazikwenda kwa mwendo huo. Mwezi Desemba 2023 Shirika hilo lilieleza kwamba nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku uuzaji wake, lakini nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote juu yake, na nchi 88 hazikuwa zimeweka umri wa chini wa mnunuzi.

Swali linalozikabili serikali nyingi leo si kama chombo hiki kidhibitiwe au kisidhibitiwe. Swali ni hili: sheria ikitungwa, ipime nini? Jibu lake haliwezi kupatikana pasipo kwanza kufahamu chombo chenyewe na namna kinavyofanya kazi.

CHOMBO NA UKUNGU WAKE

Kila aliyewahi kutazama taa ya chemli anajua kazi ya utambi. Mafuta hupanda ndani ya nyuzi zake hadi kufika penye moto. Sigara ya kielektroniki nayo ina utambi wa pamba au wa nyuzi nyingine, unaofyonza kimiminika kutoka kwenye tangi dogo. Tofauti ni kwamba mahali pa moto pana waya uliozungushwa, nao hupata moto kwa nguvu ya umeme wa betri ya lithiamu. Mtumiaji anapovuta pumzi, au anapobonyeza kitufe, umeme hupita katika waya, waya hupashika joto, na kimiminika kilichomo katika utambi hugeuka kuwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa baridi hupoa na kuwa matone madogo mno yanayoelea. Kwa hiyo kile kinachovutwa, ingawa watu wengi hukiita mvuke, kwa kweli ni ukungu.

Kimiminika chenyewe huwa na vitu vya aina nne. Sehemu kubwa ni propileni glikoli na glisarini, ambazo ndizo zinazofanya ukungu. Ya tatu ni nikotini. Ya nne ni vionjo, yaani kemikali zinazotoa ladha ya tumbaku, mnanaa, embe, peremende na kadhalika.

Kwa kuwa hakuna kinachoungua, ukungu huu hauna lami ya tumbaku, na kaboni monoksaidi ndani yake ni kidogo sana au haipo kabisa. Jambo hili ni kubwa. Moshi wa sigara ya kawaida una kemikali zaidi ya 7,000, na miongoni mwake zipo kama 70 zinazosababisha saratani. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, na wengi wao huuawa na moshi kuliko nikotini yenyewe.

Hata hivyo, kukosekana kwa moto hakumaanishi kukosekana kwa sumu. Glisarini na propileni glikoli zikipashwa joto kupita kiasi huvunjika na kutoa fomaldehaidi na akrolini, ambazo huunguza njia ya hewa. Ukungu umewahi kukutwa na chembe za nikeli, kromiamu na risasi zinazotoka katika waya na viungio vyake. Vionjo navyo vina hatari yake, kwa sababu kitu kilicho salama kuliwa si lazima kiwe salama kuvutwa katika mapafu. Funzo hilo lilipatikana mwaka 2000 katika jimbo la Missouri, Marekani, ambako wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walipatwa na ugonjwa mbaya wa kuziba kwa vijia vyembamba vya mapafu. Chanzo kilionekana kuwa daiasetili, kemikali inayoipa bisi harufu ya siagi. Kemikali hiyo hiyo ilikuja kukutwa katika baadhi ya vimiminika vya sigara za kielektroniki.

Aidha, saratani ya mapafu huchukua miongo kadhaa kujitokeza tangu mtu aanze kuvuta. Chombo kilichoanza kuuzwa mwaka 2004 hakijapata muda wa kuonyesha madhara yake yote.

ASIDI ILIYOBADILISHA MAMBO

Nikotini ni alkali. Ikivutwa kwa wingi katika hali yake ya asili, hukereta koo na kumfanya mtu akohoe. Ukali huo ulikuwa kama mlango uliofungwa: asiye mzoefu hakuweza kuvuta nyingi kwa mara moja.

Mwaka 2015 iliingia katika soko la Marekani sigara ya kielektroniki iitwayo Juul, ambayo watengenezaji wake waliongeza asidi ya benzoiki katika kimiminika. Kila mwanafunzi wa kemia anafahamu kinachotokea asidi inapokutana na alkali: hupatikana chumvi. Kiasi cha pH kilishuka, ukali ukapungua, na nikotini ambayo awali isingevumilika ikaweza kuvutwa kwa ulaini. Kimiminika hicho kilikuwa na nikotini kiasi cha miligramu 59 kwa kila mililita.

Hapa hesabu fupi inafaa. Katriji moja ya chombo hicho ilikuwa na mililita 0.7 za kimiminika. Ukizidisha 59 kwa 0.7 unapata miligramu 41 hivi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2014, uliruhusu nikotini isiyozidi miligramu 20 kwa mililita na tangi lisilozidi mililita 2. Ukizidisha 20 kwa 2 unapata miligramu 40. Jumla hizo mbili zinakaribia kulingana. Lakini katika chombo cha Ulaya nikotini hiyo imesambazwa katika kimiminika kingi zaidi, hivyo ujazo ule ule wa ukungu hubeba kama theluthi moja tu ya nikotini ya mwenzake. Kwa mtu anayejifunza kuvuta, tofauti hiyo si ndogo.

Nikotini iliyovutwa hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde chache. Huko hushika vipokezi ambavyo kwa kawaida hupokea asetilikolini, na kusababisha kumwagika kwa dopamini, kemikali inayohusika na hisia ya kuridhika. Ubongo ukizoea hali hiyo huongeza vipokezi, na mtu akikosa nikotini hukasirika upesi, hushindwa kutuliza mawazo na kutamani kuvuta tena. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi kufikia umri wa miaka 25 hivi. Kwa sababu hiyo uraibu unaoanza katika umri wa sekondari hushika mizizi kwa urahisi zaidi, nao huweza kuathiri uwezo wa kujifunza na wa kutuliza fikira.

WATU WAWILI, CHOMBO KIMOJA

Mabishano juu ya sigara za kielektroniki aghalabu hutokana na kuwachanganya watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni mtu mzima aliyevuta sigara za kawaida kwa miaka mingi na aliyeshindwa kuziacha. Kwake yeye chombo hiki hulinganishwa na moshi. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Wote walipewa ushauri. Baadhi yao walipewa sigara za kielektroniki, na wengine dawa za kuchukua nafasi ya sigara kama vile plasta na chingamu za nikotini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha sigara, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya kundi la pili. Lakini miongoni mwa walioacha katika kundi la kwanza, asilimia 80 walikuwa bado wanatumia chombo walichopewa, ambapo katika kundi la pili walioendelea kutumia dawa walikuwa asilimia 9 tu. Wengi walitoka katika moshi, lakini hawakutoka katika nikotini.

Wa pili ni kijana ambaye hajawahi kuvuta kitu. Kumwambia kwamba chombo hiki kina madhara machache kuliko sigara ni kumpa jibu la swali lisilomhusu, kwa sababu kwake yeye chombo hakilinganishwi na moshi, bali na hewa safi. Anaanzia sifuri, na kila kinachoongezeka ni hasara.

Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Sheria nzuri juu ya chombo hiki ni ile inayoweza kuwatenganisha watu hawa wawili: imzuie wa pili asiingie, bila ya kumrudisha wa kwanza katika moshi.

DAWA AU TUMBAKU?

Kisa cha Marekani kinaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Sigara za kielektroniki zilipoanza kuingizwa huko, yapata mwaka 2007, Mamlaka ya Chakula na Dawa iliziona kuwa ni dawa ambazo hazijaidhinishwa, ikazizuia bandarini. Waagizaji walikwenda mahakamani. Mwezi Desemba 2010 mahakama ya rufani mjini Washington iliamua kwamba, maadamu muuzaji hadai kuwa bidhaa yake inaponya, bidhaa hiyo si dawa, bali inaangukia katika sheria ya tumbaku iliyopitishwa mwaka 2009.

Uamuzi huo ulitaka kanuni mpya, na kanuni hizo zilikamilika mwaka 2016. Kwa muda wa zaidi ya miaka mitano bidhaa hizi ziliuzwa nchini kote pasipo kupimwa na serikali kuu, na ni katika muda huo ndipo chumvi ya nikotini ilipoingia sokoni. Mwaka 2011 wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakitumia sigara za kielektroniki walikuwa asilimia 1.5. Mwaka 2018 walifika asilimia 20.8, na mwaka 2019 asilimia 27.5, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne.

MIANYA YA SHERIA

Serikali ilipoamua kuchukua hatua, ilikuta kwamba kila neno la kanuni lilikuwa na mwanya. Mwezi Februari 2020 Mamlaka ilianza kuzuia katriji zenye ladha za matunda na peremende, ikaacha zenye ladha ya tumbaku na mentholi. Amri ilitaja katriji za kubadilisha. Haikugusa vyombo vya kutumia mara moja na kutupa, ambavyo navyo vilikuwa na ladha zote. Mwaka 2019, kati ya wanafunzi wa sekondari waliotumia sigara za kielektroniki, ni asilimia 2.4 tu waliotumia vyombo vya kutupa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 26.5.

Mwanya wa pili ulikuwa katika asili ya nikotini. Sheria ya mwaka 2009 ilizungumzia bidhaa inayotokana na tumbaku. Baadhi ya watengenezaji wakaanza kutumia nikotini iliyoundwa katika maabara, wakidai kwamba sheria haiwahusu. Molekuli ilikuwa ni ile ile, na ubongo hautambui kama ilitoka shambani au katika chupa ya mkemia. Ilibidi Bunge la Marekani lirekebishe sheria mwezi Machi 2022 ili ihusu nikotini ya asili yoyote.

Sehemu ya sheria hiyo iliyoonyesha nguvu zaidi ni ile inayomtaka mtengenezaji athibitishe, kabla ya kuuza, kwamba bidhaa yake inafaa kwa ulinzi wa afya ya umma. Uthibitisho huo hupima mambo mawili kwa pamoja: ni wavutaji wangapi watasaidiwa kuacha, na ni wasiovuta wangapi watavutwa kuanza. Maombi mengi mno ya vimiminika vyenye ladha za matunda yalikataliwa kwa kukosa ushahidi, na tarehe 2 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono msimamo wa Mamlaka katika shauri lililohusu ladha hizo. Kwa kipimo hicho hicho, mwezi Julai 2025 Mamlaka iliidhinisha Juul yenye ladha ya tumbaku na ya mentholi. Kufikia mwaka 2024 wanafunzi wa sekondari wanaotumia sigara za kielektroniki walikuwa wamepungua hadi asilimia 7.8, ingawa vyombo vya kutupa visivyo na idhini vilikuwa bado vinauzwa.

UGONJWA WA 2019

Katikati ya kisa hicho ulizuka ugonjwa uliotia hofu kubwa. Tangu kiangazi cha 2019, vijana waliokuwa na afya njema walianza kufikishwa hospitalini wakiwa wameshindwa kupumua. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo vilikuwa 68.

Watu wengi walilaumu sigara za kielektroniki kwa jumla. Wachunguzi walichukua majimaji kutoka katika mapafu ya wagonjwa 51, wakakuta asetati ya vitamini E kwa wagonjwa 48. Katika majimaji ya watu wazima 99 wenye afya hawakuikuta hata kwa mmoja. Mafuta hayo yalikuwa yakichanganywa hasa katika vimiminika vya magendo vyenye kilevi cha bangi. Somo lake ni la pande mbili. Chombo kinachoweza kupeleka nikotini katika mapafu kinaweza pia kupeleka kitu kingine chochote, na kwa hiyo yaliyomo yahitaji kupimwa. Vile vile, sheria inayotungwa kabla ya chanzo kujulikana huweza kupiga mahali pasipo na ugonjwa.

NJIA NYINGINE

Ulaya ilichagua njia ya vipimo. Agizo la mwaka 2014, pamoja na kuweka kikomo cha nikotini na cha tangi, liliweka chupa za kujazia zisizozidi mililita 10, vifuniko visivyofunguka kwa mtoto, na maandishi ya kuonya kwamba nikotini huleta uraibu. Uingereza iliendelea na vipimo hivyo hata baada ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, na tarehe 1 Juni 2025 ikapiga marufuku uuzaji wa vyombo vya kutupa, kwa kuwalinda vijana na kwa kupunguza betri zinazotupwa pamoja na takataka.

Katika Afrika ya Mashariki, Uganda ilichagua njia fupi zaidi. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kabisa kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki, pamoja na shisha na tumbaku yenye vionjo. Kampuni ya tumbaku iliipinga sheria hiyo, na Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri lake mwezi Mei 2019. Faida ya njia hii ni kwamba ilifungwa kabla desturi haijaota mizizi, wala haihitaji maabara ya kupima kila chupa. Gharama yake ni ulinzi wa mipaka, kwa kuwa chombo kinachoenea katika kiganja ni rahisi kupitishwa kwa magendo. India nayo ilifuata njia ya marufuku mwaka 2019.

Sheria ya Tanzania juu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na ya Kenya ni ya 2007. Zote mbili ziliandikwa kabla ya chombo hiki kuenea. Kenya ilikitaja katika sheria yake ya ushuru wa bidhaa ya mwaka 2015. Lakini ushuru hupandisha bei tu, haupimi kilichomo ndani ya kimiminika.

KIPIMWE NINI

Kutokana na yaliyotangulia, yako mambo ambayo sheria yoyote, iwe ya kukataza au ya kuruhusu kwa masharti, haiwezi kuyaacha.

Kwanza, ieleze bidhaa kwa nikotini iliyomo na kwa namna inavyoingia mwilini, si kwa umbo la chombo wala kwa asili ya nikotini hiyo. Pili, palipo na ruhusa, iweke kikomo cha nikotini kwa mililita na kikomo cha ujazo kwa pamoja, na iangalie pia nguvu ya betri, kwa kuwa waya wenye joto zaidi hutoa ukungu mwingi zaidi na kuipunguzia nguvu sheria ya kipimo. Tatu, ihesabu vionjo kuwa sehemu ya bidhaa: uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba karibu wanafunzi tisa katika kila kumi wanaotumia sigara za kielektroniki hutumia zenye ladha. Nne, mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya muuzaji, kabla bidhaa haijafika dukani. Tano, pawe na maabara na wataalamu wa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa juu ya chupa ndicho kilichomo ndani yake.

Hayo yote ni kazi ya bunge, ya wizara na ya wakemia. Lakini sehemu ya kazi hii imo katika uwezo wa darasa. Somo la chumvi na asidi, somo la umeme na joto, na somo la mfumo wa fahamu yamo katika mitaala ya sekondari. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini asidi kidogo huiondolea nikotini ukali wake ataelewa pia kwamba ulaini anaousikia kooni haumwambii lolote juu ya kiasi kinachofika katika ubongo wake.